Kinachopaswa Kupimwa ni Miligramu Zinazomezwa

Jumapili moja baada ya ibada, mzee mmoja wa Kikongo ninayemheshimu kama baba mzazi aliniita nyumbani kwake hapa Kentucky, akaniwekea mezani kopo dogo la plastiki. Mzee huyu alikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, na magoti yake hayamwachi alale. Mwanawe, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta katika jimbo jingine, akaambiwa na muuzaji kwamba pipi zile zinasaidia maumivu na usingizi, naye kwa huruma ya mtoto kwa mzazi akanunua. Ndani mlikuwa na pipi laini ishirini, nyekundu na za kijani, zilizopakwa sukari kama zile wanazopewa watoto siku za sherehe. Mzee alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, wewe unasoma lugha yao. Hii ni dawa ama ni bangi?"

Nilivaa miwani nikasoma. Kila pipi ilikuwa na uzito wa gramu 4, na ndani yake miligramu 10 za delta-9 THC, ambayo ni kemikali ile ile inayomlewesha mvuta bangi. Pembeni, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, ilielezwa kwamba bidhaa hii ni halali kwa sheria ya shirikisho kwa kuwa THC yake haizidi asilimia 0.3. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: miligramu 10 ndani ya gramu 4 ni asilimia 0.25. Hawakusema uongo. Lakini kopo zima lilikuwa na miligramu 200, ilhali California na Colorado, majimbo ambayo bangi inauzwa hadharani kwa leseni, haziruhusu pakiti moja ya pipi za bangi kwa mnunuzi wa kawaida izidi miligramu 100. Yaani kopo lililouzwa kando ya barabara kuu, pamoja na karanga na betri, lilibeba mara mbili ya kile ambacho duka la bangi lenye leseni linaruhusiwa kuweka katika pakiti moja.

Nilimjibu mzee kwamba kwa kemia ni bangi, na kwa sheria ya siku ile haikuwa bangi. Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika.

Nianze na neno lenyewe. Mmea uliotoa pipi zile kwa Kiingereza huitwa hemp, na wapo wanaouita katani, lakini kwa mtu wa Tanga katani ni nyuzi za mkonge, na mkonge haujawahi kumlewesha mtu. Kwa hiyo nitasema hempu. Hempu na bangi ni mmea mmoja, na kinachozitenganisha ni mstari uliochorwa na binadamu. Mstari huo, asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu, ulitokana na kazi ya wataalamu wa mimea wawili, Ernest Small na Arthur Cronquist, waliochapisha makala yao mwaka 1976. Walihitaji namba ya kuwasaidia kuainisha mimea, basi. Hawakuwa wakifikiria pipi wala soda, wala mzee mwenye magoti mabovu.

Namba hiyo ndiyo iliyoingia katika Sheria ya Kilimo iliyosainiwa tarehe 20 Desemba 2018. Mitch McConnell, seneta wa hapa Kentucky, ndiye aliyeisukuma, na nia yake ilieleweka: Kentucky ililima hempu kwa wingi katika karne ya 19, tena kwa jasho la watumwa, na wakulima wa tumbaku wa leo walikuwa wanatafuta zao jingine. Sheria ilisema kwamba mmea wenye delta-9 THC isiyozidi asilimia 0.3 si bangi tena, na ikaongeza kwamba kila kinachotokana na mmea huo, dondoo zake na kemikali zake zote, navyo si bangi. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyofungua mlango.

Jani kavu la hempu ni jepesi, na asilimia 0.3 ya kitu chepesi ni kidogo sana. Kopo la kinywaji la mililita 355, kwa upande mwingine, lina uzito wa takriban gramu 355, na asilimia 0.3 ya uzito huo ni zaidi ya miligramu 1,000 za THC. Dozi ambayo majimbo mengi huihesabu kuwa ya mtu mmoja mzima ni miligramu 5 au 10. Kwa hiyo kipimo kilichotosha kumlinda mkulima asikamatwe kwa sababu ya shamba lake hakikuweza kumlinda mnywaji hata kidogo. Kadiri pipi inavyokuwa nzito ndivyo inavyoruhusiwa kubeba THC nyingi zaidi bila kuvunja sheria. Sijui sheria nyingine ya chakula au dawa inayofanya kazi kwa mantiki hiyo.

Kisha ikaja delta-8. Baada ya 2018 wakulima wengi walikimbilia kulima hempu ya kutoa CBD, ile kemikali isiyolewesha, na soko likafurika hadi bei ikaporomoka. Waliobaki na madumu ya CBD wakagundua kwamba ikiyeyushwa, ikachanganywa na asidi na kupashwa moto, inageuka kuwa delta-8 THC, ndugu wa delta-9, anayelewesha ingawa kwa nguvu pungufu. Sheria ilitaja delta-9 peke yake. Mwezi Mei 2022 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilisema kwamba kwa maneno ya sheria jinsi yalivyo, delta-8 inayotokana na hempu ni halali, na kwamba kama Bunge lilikosea basi Bunge lenyewe ndilo la kurekebisha. Wakala wa kupambana na dawa za kulevya, DEA, walikuwa wameshaandika tangu 2020 kwamba THC iliyotengenezwa kwa njia ya kisintetiki bado ni haramu. Mwenye duka akabaki katikati, na wengi waliamua kuuza.

Wakati huohuo mwili wa mtu hausomi hukumu za mahakama. Mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilieleza kwamba kati ya Januari 2021 na Februari 2022 vituo vya Marekani vinavyoshughulikia watu waliopatwa na sumu vilipokea taarifa 2,362 za watu waliokutana na bidhaa za delta-8, na asilimia 41 kati yao walikuwa chini ya umri wa miaka 18. Mwaka 2023, utafiti wa kitaifa wa wanafunzi ulionyesha kwamba asilimia 11.4 ya wanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari walikuwa wametumia delta-8 ndani ya mwaka mmoja. Ninapolisoma hilo namfikiria mjukuu wa mzee, mwenye umri wa miaka minne, ambaye siku ile alikuwa amekaa chini ya meza akilitazama kopo lile kwa macho ya anayesubiri agawiwe. Hakuna aliyemweleza kwamba si pipi. Kwa sura ilikuwa pipi.

Serikali ya shirikisho ilipolala, majimbo yaliamka kila moja kwa namna yake, na mwenendo wao una mafunzo mengi kuliko hotuba zote za Washington.

Minnesota ndiyo ninayoisifu, ingawa nayo ilianza kwa kujikwaa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 jimbo hilo liliruhusu vyakula na vinywaji vyenye THC ya hempu, kwa masharti ambayo hata mama asiyejua kemia anaweza kuyashika: miligramu 5 kwa kila sehemu ya kula, miligramu 50 kwa pakiti, mnunuzi awe na miaka 21, na pakiti isiwe ya kuwavutia watoto. Tazama tofauti. Hawakuishia kuuliza pipi ina uzito gani au mmea ulikuwa wa aina gani. Waliuliza ni kiasi gani kinaingia tumboni. Kasoro yao ilikuwa kwamba mwanzoni hakukuwa na leseni wala wakaguzi wa kutosha, na kufikia Desemba 2022 Bodi ya Famasia ya jimbo ililazimika kuishtaki kampuni moja kwa madai kwamba ilikuwa inauza pakiti za pipi zenye umbo la dubu zilizobeba miligramu 2,500, mara hamsini ya kiwango kilichowekwa. Lakini kwa kuwa kiwango kilikuwepo, kosa lilionekana, na palikuwa na kitu cha kupeleka mahakamani. Mwaka uliofuata waliweka kodi na kuunda ofisi ya kusimamia bangi, na hempu ya kulewesha ikaingizwa katika utaratibu huo.

Texas ni kinyume chake. Ilihalalisha hempu mwaka 2019, ikaiacha ijiendee, na maelfu ya maduka yakafunguliwa. Mwaka 2025 Luteni Gavana Dan Patrick akaongoza kampeni ya kupiga marufuku kila aina ya THC ya hempu, na Bunge la jimbo likapitisha muswada wa namna hiyo. Gavana Greg Abbott akaukataa tarehe 22 Juni, siku ya mwisho aliyokuwa nayo, akisema usingeweza kustahimili mahakamani na kwamba bidhaa hizi zidhibitiwe kama pombe. Akaliita Bunge kwenye vikao maalumu viwili, na hawakuelewana. Hatimaye, tarehe 10 Septemba, alitoa amri ya kiutendaji kwamba wenye umri chini ya miaka 21 wasiuziwe na vitambulisho vikaguliwe. Zingatia kwamba ilichukua miaka sita na ugomvi wa viongozi wakubwa ili kufikia sharti ambalo muuza bia amelifuata maisha yake yote. Katika miaka hiyo sita kijana wa miaka kumi na tano angeweza kununua kopo kama la mzee bila kuulizwa jina, na muuzaji asingekuwa amevunja sheria yoyote ya jimbo kuhusu umri.

California, ambayo watu hudhani ni paradiso ya bangi, ilifunga mlango mapema zaidi: Septemba 2024 Gavana Gavin Newsom alileta kanuni za dharura zilizokataza chakula au kinywaji chochote cha hempu chenye THC inayoweza kugunduliwa maabara. Arkansas nayo ilipiga marufuku kwa sheria ya 2023, ikashtakiwa, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikaipa haki, kwamba jimbo lina mamlaka ya kukataza hata kile ambacho shirikisho halijakikataza. Hapa kwetu Kentucky, sheria ya 2023 iliagiza delta-8 na wenzake wasimamiwe, umri uwe miaka 21, na bidhaa zipimwe. Ukiendesha lori kutoka Lexington hadi Los Angeles unapita katika sheria nyingi zinazopingana, na kopo lile lile linabadilika jina kila unapovuka mpaka.

Madereva wanalijua hili kwa machungu. Januari 2019, wiki chache tu baada ya Sheria ya Kilimo kusainiwa, madereva walikamatwa Idaho na katika mji wa Pawhuska, Oklahoma, wakiwa na maelfu ya ratili za shehena ambayo wenyewe walisema ni hempu halali. Shehena ya Pawhuska ilikuwa imetoka hapa hapa Kentucky. Sheria ya 2018 inasema jimbo lisizuie hempu halali kupita katika ardhi yake, lakini askari wa barabarani hana pua ya kutofautisha asilimia 0.3 na asilimia 3.

Sasa Bunge la shirikisho nalo limeamka, na kwa maoni yangu limeamka vibaya. Sheria iliyosainiwa tarehe 12 Novemba 2025, ile iliyomaliza siku 43 za kufungwa kwa serikali, ilibeba ndani yake ufafanuzi mpya wa hempu. Rand Paul, seneta mwingine wa Kentucky, alijaribu kukiondoa kifungu hicho, akashindwa kwa kura 76 dhidi ya 24. McConnell, aliyeufungua mlango mwaka 2018, safari hii alisimama upande wa kuufunga. Ufafanuzi huo umepangwa kuanza mwaka mmoja baada ya kusainiwa. Unahesabu THC yote badala ya delta-9 peke yake, na katika hilo nawaunga mkono kabisa. Unaziondoa kemikali zilizotengenezwa nje ya mmea, na katika hilo pia sina ugomvi, maana delta-8 ya kupikwa kwa asidi ilikuwa inauzwa bila mtu kujua nini kingine kimebaki ndani ya chupa. Lakini kisha unasema kwamba bidhaa ya mwisho isizidi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima.

Miligramu 0.4 kwa chombo kizima ni marufuku iliyovaa nguo za kipimo. Chukua chupa ya mafuta ya CBD yenye gramu 30, ambayo haimleweshi mtu anayetumia matone machache. Hata kama THC ndani yake ni asilimia 0.01, sehemu ndogo kabisa ya kiwango cha zamani, chupa hiyo ina miligramu 3, zaidi ya mara saba ya kinachoruhusiwa. Pipi ya kulewesha iliyouzwa kwa mtoto na mafuta ya bibi anayejipaka viungo vimetiwa kapu moja. Na wale wa Minnesota waliokubali leseni, wakalipa kodi, wakapeleka bidhaa zao maabara na kuheshimu miligramu 5, wanatendewa sawasawa na yule wa miligramu 2,500. Sheria ya kwanza ilipima uzito wa pipi ikamsahau mlaji. Hii ya pili inapima chombo, na bado imemsahau mlaji.

Na mlaji ninayemfikiria mimi mara nyingi ni mgeni katika nchi hii. Mwenyeji anayekosea kuhusu bangi hulipa faini au hupoteza kazi. Sisi tunaweza kupoteza mengi zaidi. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, iliweka wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeihalalisha, kwa sababu kinachotazamwa ni sheria ya shirikisho. Hadi sasa hempu ilikuwa nje ya orodha hiyo. Ufafanuzi mpya ukianza, kopo lililokuwa hempu Jumatano linaweza kuwa bangi Alhamisi, bila pipi hata moja kubadilika, na mtu akakiri kwa unyofu mbele ya ofisa jambo ambalo hakujua ni kosa. Wakongo, Warundi na wengine wetu tuliofundishwa kambini kwamba ukiulizwa na ofisa usifiche kitu, ndio tutakaojikwaa wa kwanza.

Kwa upande wa ajira, mwana wa mzee ana leseni ya lori, na Wizara ya Uchukuzi ilitangaza Februari 2020 kwamba kutumia CBD si utetezi kwa dereva ambaye mkojo wake umeonyesha THC. Kipimo cha mkojo hakiulizi kama THC ilitoka kwenye hempu au kwenye bangi. Angeonja pipi mbili tu ili kuhakikisha kwamba hampi baba yake sumu, angeweza kuondolewa barabarani, na nyumba ile ina watu saba wanaomtegemea. Na kwa wanaosafiri kwenda nyumbani likizo, neno langu ni fupi: msibebe pipi hizi kwenye mizigo yenu. Ofisa wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta hatawasikiliza mkimsomea Sheria ya Kilimo ya Marekani.

Ninachotaka mimi ni kitu ambacho majimbo kadhaa tayari yamekifanya nusunusu. THC ihesabiwe yote, kwa miligramu, kwa kila sehemu ya kula na kwa pakiti. Umri uwe miaka 21 nchi nzima, na kitambulisho kikaguliwe kila mara. Kila kundi la bidhaa lipimwe na maabara isiyomilikiwa na muuzaji, na cheti chake kiweze kusomwa na mnunuzi pale dukani. Umbo la dubu na rangi za peremende zikatazwe. Na mahali ambapo shule tayari zinawaandikia wazazi kwa Kiswahili, kama hapa Lexington, idara ya afya nayo iandike kwa Kiswahili, kwa neno ambalo wazee wetu wanalijua, kwamba ndani ya kopo hili kuna kile kinachopatikana katika bangi. Neno bangi halikuwepo popote kwenye lebo niliyoisoma. Naamini lingekuwepo, mwana yule asingelinunua kopo, au angalau angemuuliza daktari kwanza.

Wapo watakaoniambia kwamba marufuku ni rahisi zaidi kuitekeleza. Nimeishi na watu waliotoka katika nchi ambako bangi ni marufuku tangu ukoloni, na bado inalimwa na kuvutwa. Tofauti ni kwamba anayeiuza hana sababu yoyote ya kumuuliza mtoto umri wake. Sitaki pipi hizi zirudi katika giza hilo, zikiwa na nguvu isiyojulikana na bila lebo ya kusoma.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niandike kwa kalamu ya wino mzito, juu ya mfuniko, neno moja tu. Nikaandika BANGI. Akamwita mwanawe, akamkabidhi kopo, akamshukuru kwa moyo wake, akamwambia kwamba Jumatatu atampeleka kwa daktari akaangaliwe magoti. Mjukuu alitoka chini ya meza akiuliza kwa nini pipi zinaondoka.